Mbege ya Dar Huanzia Sokoni

Ukiishi Dar es Salaam na ukataka kupika mbege, pombe ya Kichaga ya ndizi na ulezi, nyumbani, acha kwanza kuuliza duka lake liko wapi. Hakuna. Mji una karibu kila kitu unachohitaji, ila umevigawa kwa watu wasiojuana: ndizi ziko Mabibo, ulezi uko Tandale, masufuria yako Kariakoo, na gamba la msesewa liko kwa shangazi wa mtu huko Rombo, ambaye simu yake hushika mtandao jioni tu. Kazi yako ni kuwakutanisha watu hawa ndani ya diaba moja. Anayetaka aletewe vyote na bodaboda akiwa kitandani, amwachie bodaboda akamnunulie bia. Iko tayari, iko baridi, na haimdai mtu miguu.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma. Kama mbege ni ya kunywewa Jumamosi ya ubarikio au siku ya wakwe, anza wiki tatu kabla. Ulezi unataka kulowekwa, kuota na kukauka. Ndizi zinataka kuiva kwa hiari yao, kisha kupikwa na kuachwa zichachuke. Wenye haraka husema watafupisha hapa na pale, na wazee huitambua haraka hiyo kwa funda la kwanza. Mzee wa Kichaga hasemi kuwa mbege ni mbaya. Anakushukuru sana, anaweka kata chini, anaanza kuulizia mvua.

Kwa sababu hiyo, simu ya kwanza iende mlimani, Kilimanjaro, kuhusu msesewa. Huu ndio mti unaoipa mbege uchungu wake, na wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia caffra. Gamba lake hukaushwa na kutwangwa, na kiasi kidogo tu ndicho kinachotumika. Mpikaji mwenye mkono mzito huharibu diaba zima, na si ladha peke yake iliyo hatarini. Jamii hii ya Rauvolfia ndiyo iliyowapa madaktari reserpine, dawa ya kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo gamba si kitu cha kukisia kwa kiganja. Anayekunywa vidonge vya presha aambiwe mapema kuwa mbege hii ina msesewa, naye aamue na daktari wake, si na shemeji zake.

Mjini utakutana na wauza dawa za asili watakaokuonyesha gamba jekundu, gamba jeusi, gamba la kila rangi, na kila moja wataliita msesewa mara tu utakapolitaja jina. Ukisema unatafuta mwarobaini, litakuwa mwarobaini. Usitaje jina. Shika gamba, uliza ni la mti gani na linatibu nini, kisha nyamaza usikilize. Jibu likienda kwenye nguvu za kiume, aga kwa adabu. Njia ya uhakika ni mtu anayepika mbege mwenyewe: aliyeko Kilimanjaro akufungie kwenye gazeti, ampe kondakta wa basi, nawe ukaupokee mzigo Stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis. Mpikaji wa mbege hapa mjini naye atakuuzia ukimwendea vizuri. Kaa kwanza, mnunulie soda, muulize habari za nyumbani. Ukifika na swali la bei mdomoni atakwambia limeisha, na kusema kweli ana haki.

Ulezi ndipo penye mtihani mkubwa, kwa hiyo nenda Tandale asubuhi ukiwa umeshiba na huna haraka. Unanunua ulezi wa kuota, na huo si sawa na ulezi wa uji. Uliosagwa hauoti, uliokaangwa hauoti, uliokaa ghalani miaka hauoti, na wote hufanana mno machoni. Ingiza mkono katikati ya gunia, usichote juu. Juu huwekwa wa kupigia picha. Punje nzuri ni kavu, inateleza vidoleni na haiachi vumbi la kijivu. Weka chache kinywani utafune: ukisikia mchanga, jua utautoa wewe kwa ungo na maji nyumbani, kwa hiyo usilipie mchanga bei ya nafaka. Nusa. Harufu ya uvundo haioshwi wala haipikwi ikaisha, kwa sababu sumukuvu haiogopi moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na hakuna sherehe inayostahili kubahatisha jambo hilo. Mbegu iliyotiwa rangi ya pinki au kijani, ya duka la pembejeo, ni ya kupanda tu. Ina dawa. Hata ikiwa bure, iache.

Kabla hujanunua kisado, omba konzi moja ukaijaribu nyumbani. Muuzaji atakuita "mjomba" kwa sauti ya kukuonea huruma, lakini atakupa. Hesabu punje mia, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto. Siku ya tatu hesabu zilizotoa mkia mweupe. Zikifika 90, rudi ukanunue gunia hilohilo, na ulikumbuke kwa alama, maana kesho litakuwa limehama. Zikiwa chini ya 80, huo wafaa uji, na uji ni kitu kizuri. Ukali huu una sababu yake. Punje inapoota ndipo inapotengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha hamira za asili zinazofanya kazi yote ya pombe. Punje iliyokufa haichangii kitu. Inakaa tu ndani ya kimea na kusubiri kuota kuvu.

Ukishaotesha, anika juani hadi punje ivunjike kwa jino, kisha peleka mashineni. Mwombe mwenye mashine asage mzigo wako baada ya mtu wa nafaka kavu, kamwe si baada ya mtu wa muhogo wala dagaa. Hapo usione aibu kusimama na kuangalia. Dagaa mmoja anatosha.

Kwa ndizi, soko ni Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi. Magari huingia na mikungu kutoka Rungwe, Morogoro, Kilimanjaro na kwingineko, na kelele zake zinamaliza usingizi wa mtaa mzima. Usinunue zilizoiva. Najua zinavutia, najua muuzaji ameshaanza kukuwekea kwenye kiroba, lakini ndizi iliyoiva sokoni huwezi kujua imeivishwaje. Ikilazimishwa kwa kabaidi, ganda huwa la manjano safi kama limepakwa rangi, huku kikonyo kikiwa bado kibichi, ndani ngumu, harufu hakuna. Sukari haijafika. Utapika maji ya njano na kujiuliza umekosea wapi.

Chagua mkungu mbichi uliokomaa. Shika ndizi ya kichane cha katikati, izungushe vidoleni: isiyokomaa ina pembe kali, iliyokomaa pembe zake zimejaa na inakaribia kuwa mviringo. Gusa masalia ya ua kwenye ncha. Yakidondoka kwa kuguswa tu, mkungu umefika. Mzuzu uache ukakaangwe, mshale uache uende kwenye mtori. Aina za kupikia pombe kule mlimani zikikosekana, ndizi tamu za kula zikiwa mbivu zitakufaa. Nyumbani zivundike kwenye pipa safi, funika kwa majani makavu ya mgomba, na weka katikati ndizi moja iliyokwisha kuiva. Gesi inayoitoa ndizi hiyo ndiyo itakayoziamsha nyingine. Zipike zitakapolegea kabisa na ganda kuingia madoa meusi, siku ambayo watoto watakataa kuzila. Hiyo ndiyo siku yake, na moto wake ni wa saa nyingi, mpaka rangi igeuke wekundu wa kahawia.

Sasa vyombo, na hapa sitanii hata kidogo. Mbege ni chachu, na chachu hula chuma. Ndoo ya bati lenye zinki ni ya kubebea maji tu. Pombe ikilala humo inakunywa zinki, nawe unakunywa zinki. Mafundi wa Gerezani watakutengenezea sufuria kutokana na pipa lolote, na ni mafundi kweli, ila kabla ya kusifia mkono wa fundi uliza pipa lilibeba nini. "Mafuta" si jibu. Mafuta gani? Ya kula au ya gari? Madiaba ya plastiki nayo ni hivyohivyo: mengi yanayouzwa kwa bei ya kutupa yalibeba kemikali za viwandani, na plastiki haisahau. Nunua jipya Kariakoo, geuza chini yake, tafuta alama ya glasi na uma, inayoonyesha kuwa chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo ya rangi ya nyumba, hata ioshwe kwa wiki nzima, ibaki na fundi rangi. Mfuniko wa diaba usikazwe wakati pombe inachemka yenyewe, kwani hewa isipopata njia itaitafuta kupitia dari lako. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofungwa kwa kamba kinatosha, nacho kinazuia nzi.

Maji ya DAWASA yachemshe au yaache wazi usiku kucha, klorini ipungue. Ya kisima yaonje kwanza, maana visima vingi vya mji huu vina chumvi na mbege haitaki supu. Hamira ya dukani iache kwenye maandazi. Inawahi, na inaacha harufu ya mkate. Tena kumbuka kwamba joto la Dar si la Marangu. Kinachochukua siku kadhaa mlimani hapa hukimbia, kwa hiyo onja asubuhi na jioni, na siku ya kuchanganya uji wa kimea na maji ya ndizi waambie wageni waje kesho yake, wasije keshokutwa.

Unapika ya nyumbani? Pika. Ukitaka kuuza, kaanzie ofisi ya mtendaji wa kata ukaulizie leseni kabla ya kununua diaba la pili. Na akitokea jirani wa kukushauri uikeneke kidogo iwe na nguvu, mwonyeshe mlango. Kukeneka gongo bila leseni ni kosa, na pombe ya kukeneka iliyochakachuliwa imepofusha na kuua watu Afrika Mashariki hii. Mbege haijawahi kuhitaji nguvu hizo. Ilipelekwa ukweni, ikaombea msamaha, ikasuluhisha mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, ikiwa nyepesi hivyohivyo.

Imebaki kata ya kunywea. Mwenge kwenye vinyago utaona vibuyu vizuri ajabu, vimechongwa twiga na vinang'aa. Kinachong'aa hivyo kimepakwa vanishi au rangi ya viatu, na mbege ya uvuguvugu itaibandua yote. Tafuta kibuyu kikavu kisichopakwa kitu, kikate, toa nyama na mbegu, kisugue kwa mchanga, kisha kijaze maji ya moto na kuyamwaga mara kadhaa mpaka yatoke bila uchungu. Hapo Mwenge, kama umependa kimoja hata hivyo, mwulize muuzaji kama yeye angekinywea. Akicheka, kirudishe mezani.