Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Laptopu Inayokimbia Kuliko Karatasi Zake

Mgeni rasmi, ambaye pia ni mimi, mabibi na mabwana mliojikinga jua hapa Nyerere Square, Dodoma, itifaki imezingatiwa. Nasimama mbele yenu nikiwa Bingwa wa Vichakataji Kanda ya Kati, cheo nilichojitunuku baada ya kukaa kikao na nafsi yangu na kuafikiana bila kura hata moja ya hapana.

Kilichonileta ni kesi ya ofisa mmoja wa Serikali kule Mtumba. Laptopu yake ina kichakataji cha Intel Core i5-8250U, toleo la mwaka 2017, na maelezo yake yanasema gigahezi 1.6. Siku moja akafungua dirisha la kupimia kasi, akakuta 3.3. Akadhani ameuziwa mali ya magendo. Alikuja kwangu akitetemeka, nikamtazama kwa huruma ileile ninayowatazamia ninyi.

Wenye kalamu waandike. Ile 1.6 si kikomo, ni dhamana ya kiwanda: viini vyote vinne vya kichakataji vikibanwa na kazi nzito mfululizo, kwa wati 15 tu, na joto likiondolewa inavyotakiwa, kasi haitashuka chini ya hapo. Kikomo chenyewe ni 3.4. Intel waliuleta utaratibu huu wa kuivuka dhamana mwaka 2008 wakauita Turbo Boost. AMD wakaja na wa kwao mwaka 2010. Mimi nilikuwa nimeuwaza zamani, ila sikuandika popote.

Sasa chukueni idara fulani, siitaji. Posho ni moja, watumishi wanne, na mhasibu wa kuigawa. Wote wakiingia kazini, kila mmoja anaambulia kidogo na kujivuta. Watatu wakisinzia, wa nne anazoa fungu lote na kutimua mbio mpaka wenzake waamke. Ndani ya kichakataji posho ni umeme, watumishi ni vile viini, na mhasibu ni saketi inayopima wati na joto mara nyingi kila sekunde. Tena mhasibu huyu hukopesha! Chuma kikiwa bado baridi, huruhusu wati zizidi zile 15 kwa muda mfupi, mara nyingi usiofika dakika. Ndiyo maana faili la Excel hufunguka mara moja, lakini ukianza kuhariri video ya harusi, mashine inaondoka kwa kishindo kisha inapooza. Joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, deni linadaiwa papo hapo.

Na joto, ndugu zangu, ndiyo fani yetu. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 10, hivyo feni ileile, ikizunguka vilevile, inaondoa joto pungufu. Ongeza jua la Novemba kabla ya mvua. Ongeza vumbi la Ihumwa, linalojaa kwenye kipozeo hadi upepo haupiti. Wapo wasomi wanaodai Serikali ilihamia huku kwa sababu ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Nadharia yangu ni kwamba ilitaka kuzipima laptopu zake katika mazingira magumu. Nimeiandikia wizara husika. Haijajibu, jambo linaloonyesha uzito wa hoja.

Yule ofisa nilimwagiza mashine ipulizwe vumbi, ile krimu inayopakwa kati ya kichakataji na shaba ibadilishwe, na aache kuitumia ikiwa juu ya godoro. Akanung'unika kwamba fundi yeyote wa Majengo angemwambia hayo kwa bei ya chai na vitumbua. Inawezekana. Lakini huyo fundi ana cheo gani?

Nakaribisha maswali, yawe mafupi na yaanze kwa pongezi. Wewe kijana mwenye fulana ya Chuo Kikuu cha Dodoma, shusha mkono. Wewe unajua jibu, unataka tu kuniharibia shughuli.