Sifa za Nihoniamu, Metali Isiyo na Hatia

Nihoniamu ni elementi ya 113, alama yake Nh, na katika ukoo mzima wa metali hakuna inayoishinda kwa tabia njema. Dhahabu imewahamisha watu mashambani mwao, risasi imetia sumu maji ya mabomba, urani imeteketeza Hiroshima. Nihoniamu haijamkosea mtu, maana haijapata kukaa duniani muda wa kutosha kumkosea.

Haichimbwi popote, kwa hiyo haina mgodi, haina dalali, haina mlanguzi. Anayeitaka sharti aitengeneze. Katika taasisi ya RIKEN, mjini Wako, Japani, kikundi cha Kosuke Morita kilianza mwaka 2003 kulipiga bamba jembamba la bismuthi kwa viini vya zinki vyenye mwendo wa takriban sehemu ya kumi ya mwendo wa mwanga. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu: zinki ina protoni 30, bismuthi 83, jumla 113. Kuitimiza ndiko kazi. Kila sekunde hurushwa viini vya zinki kwa matrilioni, na karibu vyote hupita bure au huvunjika. Atomi ya kwanza ilionekana tarehe 23 Julai 2004, ya pili 2 Aprili 2005, ya tatu ikajivuta hadi 12 Agosti 2012. Mtambo ulirusha miale kwa jumla ya siku 553, mavuno yakawa atomi 3. Wenye roho ya biashara wataiita hasara, wakisahau kwamba zao la namna hii halihitaji ghala, haliliwi na panya wala halishushi bei sokoni. Morita mwenyewe husimuliwa kuwa alipokwenda kuomba kwenye mahekalu alitoa sadaka ya yeni 113.

Hakuna hata moja kati ya atomi hizo iliyofikisha sehemu ya mia ya sekunde, lakini hakuna iliyoondoka bila kuaga. Kila moja ilitoa chembe ya alfa ikawa roentgeniamu, kisha meitneriamu, kisha bohriamu, kisha dubniamu. Mbili za kwanza zilipasuka hapo. Ya tatu ilikuwa na subira zaidi: ilishuka hadi laurensiamu, ikaishia mendeleviamu, ikipita njia ambayo wanafizikia waliijua tangu zamani. Ni mashahidi wachache wanaothibitisha kuwa waliishi kwa namna walivyokufa.

Ushahidi ulihitajika, kwa kuwa maabara za Dubna, Urusi, na Livermore, Marekani, nazo zilidai kuitangulia RIKEN. Desemba 2015 jopo la kimataifa la kemia na fizikia liliwapa Wajapani haki, ikawa elementi ya kwanza kuhesabiwa kuwa imegunduliwa Asia. Jina, litokanalo na Nihon, yaani Japani, lilipitishwa Novemba 2016, na fedheha ya kale ikafutika: mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Masataka Ogawa alitangaza nipponiamu katika nafasi ya 43, kumbe alichokuwa nacho, kama ilivyokuja kubainika, ni reniamu, elementi ya 75.

Katika jedwali la elementi nihoniamu imewekwa chini ya thaliamu, jirani mwenye sifa mbaya ya kuua watu kwa sumu. Vitabu huikadiria kuyeyuka kwenye nyuzi 430 hivi za Selsiasi, ingawa hakijapatikana kipande cha kuyeyusha. Rangi na ugumu wake ni mambo ya hesabu tu, na kwa hiyo hajapatikana mkosoaji wa kuukashifu urembo wake. Mzee wa ukoo ni nihoniamu-286, yenye nusu maisha ya kama sekunde 10, itokanayo na kuoza kwa moscoviamu. Wanakemia wamewahi kuzipitisha atomi chache za nihoniamu juu ya dhahabu kuona kama zitanasa.

Matumizi nje ya utafiti hayapo. Mjini Wako, hata hivyo, barabara itokayo stesheni ya treni kwenda RIKEN imepewa jina lake, na vibao vya elementi zote, kuanzia hidrojeni, vimepachikwa njiani.