Shangazi wa Gereji: Umewaoza Wasiolingana Kimo

*Shangazi, kichwa cha semi yangu, ekseli ya nyuma, kulia: tairi la ndani ni 315/80R22.5, la nje ni 295/80R22.5 nililouziwa kwa bei ya huruma. La ndani linachemka, la nje linalika ovyo. Mbona hawapatani? – Mnyonge, Makambako*

Mwanangu Mnyonge, umewafunga wawili wasiolingana kimo kwenye habu moja, kisha unashangaa ugomvi. Rimu zinalingana, sikatai. Lakini 315/80 ina kipenyo cha milimita 1,075 hivi, na 295/80 kama 1,043. Milimita 32 hazionekani kwa macho yaliyoshiba bei, ila katika kila mzunguko lile kubwa linataka kwenda sentimita kumi mbele ya mwenzake. Habu hairuhusu mmoja atangulie, basi deni linalipwa kwa kusuguana na lami: mita 30 hivi kila kilomita. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo kwa safari moja unasugua kama kilomita 27 za mpira. Hapo ndipo dogo lako linapoishia.

Fundi wako atasema mzigo utalibana kubwa mpaka walingane. Amekosea mahali pamoja tu, lakini ndipo penyewe. Kinachobonyea ni ubavu. Mkanda wa waya uliozunguka chini ya meno haufupiki kwa kubanwa, kwa hiyo njia ya gurudumu inabaki karibu ile ile. Faida pekee ya kubanwa huko ni kwamba kubwa linabeba mzigo wa wawili, ubavu unapinda na kunyooka maelfu ya mara kwa saa, na joto unaloliona ndilo hilo. Akikushauri upunguze upepo ili lishuke, mshukuru uondoke: upepo mdogo ni kupinda zaidi, na kupinda zaidi ni moto zaidi.

Msomaji wa Shinyanga anajigamba kwamba yeye yuko salama, yote mawili ni 315/80, moja jipya na moja kipara. Namba ya ubavuni, baba, ni cheti cha kuzaliwa. Haisemi mtu amekonda kiasi gani. Meno yakiliwa milimita 12, kipenyo kimepungua 24, na mwongozo wa kawaida wa matairi makubwa kama haya hauvumilii zaidi ya 13 hivi. Zungusha kamba kwenye kila tairi, likiwa limejazwa upepo sawa: kamba zikipishana zaidi ya sentimita nne, hiyo si pea. (Yakitofautiana matairi ya mbele, kulia na kushoto, usukani nao utavuta upande wa lile dogo, na utamlaumu fundi wa alaimenti bure.)

Mnyonge, hiyo 295 usiitupe. Lakini ukiirudisha kwenye ekseli hiyo, itafutie wenzake watatu wa kimo chake, maana kulia kukiwa kufupi na kushoto kurefu, difu itafanya kazi ya konani hata kwenye barabara iliyonyooka. Jumlisha bei ya hao watatu, uone muuzaji alimhurumia nani.