Watoto kwa Bibi, Nyinyi Morogoro: Namna ya Kuondoka Kweli

Wanandoa wengi wa Dar es Salaam huanza na hoteli. Wanachagua chumba chenye bwawa la kuogelea, wanalipia, ndipo Alhamisi usiku mmoja wao anapiga simu: "Shikamoo mama, eti wikiendi hii upo?" Mama atasema yupo. Mama husema yupo hata kama Jumamosi ana kikoba, Jumapili ana kwaya, na goti linamsumbua tangu masika. Msiihesabu hiyo kuwa ruhusa.

Anzeni na bibi. Nendeni kwake mapema, wote wawili, tena msiende mikono mitupu: sukari, majani ya chai na sabuni ya kufulia vinatosha. Habari za ndugu ziishe kwanza. Kisha anayeomba awe mkwe. Kama ni mama wa mke, mume afungue kinywa mwenyewe: "Mama, tunaomba utushikie watoto, Ijumaa mpaka Jumapili, tukapumzike kidogo." Mama atamtazama huyu, atamtazama yule, halafu atauliza: "Kuna nini? Mmegombana?" Jiandaeni kwa swali hilo. Kwa watu wa umri wake, mume na mke husafiri pamoja kwenda msibani, harusini au hospitali. Kwenda Morogoro kukaa tu kunahitaji maelezo. Mwambieni ukweli, kwamba tangu azaliwe mtoto wa pili mazungumzo yenu yote ni ada, homa na umeme wa LUKU. Ataelewa haraka kuliko mnavyodhani, maana naye alilea.

Na LUKU hiyo inunueni kabla hamjatoka. Hakuna aibu kubwa kama giza kumwangukia mama mkwe saa mbili usiku, huku mtoto analia na nyinyi mnasoma menyu. Pimeni mtungi wa gesi. Acheni nepi za kutosha, na hela taslimu mezani, zaidi ya mnavyodhani zitahitajika. Ahadi ya "nitakutumia" haifai, kwa sababu bibi hatakumbusha. Atatoa kwenye fungu lake la kikoba na kunyamaza.

Dawa ndiyo sehemu ya kukalia kitako. Chupa ya paracetamol ya maji isiachwe na maneno "mpe kidogo akichemka." Mpimeni mtoto uzito, kisha mfanye hesabu: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi moja na nyingine zipishane kwa saa nne hadi sita, na zisizidi nne kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 12, akipewa dawa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, mililita 5 zinamtosha. Andikeni hayo kwa herufi kubwa, mbandike kwenye chupa yenyewe, kwa sababu miwani ya bibi hupotea usiku. Kadi ya kliniki na kadi ya bima zikae sehemu moja, pamoja na namba ya dereva wa bajaji mnayemwamini. Mwambieni mama wazi kwamba homa ikipanda, mtoto aende kupimwa malaria siku hiyohiyo, bila kusubiri nyinyi mpokee simu.

Mkishamaliza hapo, ichaneni ile ratiba ndefu mliyoibandika kwenye friji. Mambo yasiyo na mjadala yawe machache: geti lifungwe, chandarua kishushwe, ndoo yenye maji isiachwe chini maana mtoto mdogo huzama humo, na chakula kinachomdhuru mtoto kitajwe kwa jina. Yaliyobaki ni ya bibi. Uji utakuwa mtamu kuliko mnavyopenda. Mtoto wa miaka mitatu atabebwa mgongoni kwa khanga hadi alale, na mjukuu wa kiume ataitwa "mume wangu" huku mama yake akisemwa kuwa ni mke mwenza anayempikia vibaya. Utani huo wa bibi na mjukuu una thamani kuliko ratiba yoyote. Mwacheni autawale.

Wakati wa kuondoka, wazee wengi watawashauri mtoroke kwa mlango wa nyuma. Hapo napingana nao. Mtoto aliyetorokwa leo, kesho atashika sketi ya mama hata mama akienda msalani. Muageni. Mwambieni mtarudi Jumapili baada ya chakula cha mchana. Atalia, bibi atamchukua, nanyi mtembee.

Morogoro naipendekeza kwa sababu ya treni. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, safari ni ya kama saa mbili, bila foleni ya Kibaha, na bibi akiita kwa jambo zito mnarudi siku hiyohiyo. Mnaweza kupanda Morningside, kwenye mteremko wa Uluguru, mkauona mji wote chini. Mnaweza pia kulala mpaka saa nne asubuhi, na hilo ni matumizi halali kabisa ya fedha zenu. Simu iwe moja, jioni, watoto wakiwa wamekwisha kula. Msipige ya video wakati wa kulala, kwani mtoto aliyekuwa ametulia ataikumbuka sura yenu na bibi ndiye atakayekesha. Na swali la kwanza lisiwe "wamekula nini?" Ulizeni: "Mama, wewe umeshindaje?"

Jumapili rudini saa mliyosema. Msikague nyumba, wala msiulize nani kamsuka mtoto hivyo. Waogesheni watoto wenyewe jioni hiyo, fueni zile nguo, mpeni mama mboga mbichi za Uluguru na doti ya khanga aliyoitamani. Kisha mkatieni tiketi ya treni aende Dodoma kwa mdogo wake, siku atakazochagua yeye, nanyi mbaki na watoto wenu.