Seva ya Kenya Haijui Kiingereza

Kenya ninayoizungumzia haina bahari wala simba. Ni komini ya Lubumbashi, yenye soko lake kubwa na vumbi jekundu, na huku watu hula bukari. Mafundi wa Nairobi waliotuwekea mtambo wa kukusanya logi hawakuambiwa hivyo. Waliona seva imeandikwa KENYA-01, wakaipa saa ya kwao.

Nairobi imetutangulia kwa saa moja, basi kila tukio la seva yetu likahesabiwa kuwa limetokea saa moja kabla halijatokea. Na skrini yao ilionyesha ya nusu saa iliyopita tu. Logi zetu zilizeeka kabla ya kuzaliwa. Skrini ikabaki nyeupe kama shati la Jumapili, na mkurugenzi wetu akawa anawasomea wageni ripoti: mashambulizi sifuri, makosa sifuri.

Saa ikarekebishwa. Sifuri zikabaki palepale, kwa sababu mtambo ulifundishwa kutafuta malalamiko ya Kiingereza na mashine zetu hulalamika kwa Kifaransa. Mtu akikosea nywila, Windows yetu huandika sentensi inayoanza na «Échec», na neno hilo lilifika Nairobi likiwa «Ã‰chec», maana upande mmoja uliandika kwa UTF-8 na upande wa pili ukasoma kwa jedwali la zamani la herufi. Programu ya Java nayo, inapozidiwa, huandika GRAVE pale ambapo ya Kiingereza ingeandika SEVERE. Kijana mmoja wa Nairobi, aliyelisoma kwa macho ya Kiingereza akaona kaburi, alitupigia simu akauliza kwa adabu kama tuna msiba.

Tahadhari tuliyopata ilikuwa moja, nayo ya uongo. Sisi desimali tunaiandika kwa mkato. Diski ilikuwa na nafasi ya asilimia 62,5. Mtambo ukaikata kwenye mkato, 62 ikakaa mahali pake, 5 ikarukia safu ya jirani, safu ya joto. Chumba cha seva nyuzi 5, Lubumbashi, mwezi wa Oktoba! Wauza samaki wa sokoni wangelipia kulala humo.

Mwishowe fundi akapanda ndege akaja mwenyewe. Alikaa mbele ya kibodi yetu ya Kifaransa, ambamo A imekaa kwenye kiti cha Q, W imebadilishana na Z, na tarakimu hazitoki mpaka ushike kitufe cha herufi kubwa. Nywila yake ilikuwa na vyote hivyo. Akaandika, akakataliwa. Akaandika polepole, akakataliwa. Akaandika kwa hasira, akaunti ikafungwa. Akafungua kompyuta yake ya mkononi kuangalia mtambo unasemaje: hakuna mtu aliyeshindwa kuingia leo.

Sentineli, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamhurumia. «Hamuna shida, yaya. Ata patron anafanyaka vile kila asubui.»

Dawa ilikuwa kuacha maneno na kufuata namba. Kushindwa kuingia kwenye Windows ni tukio 4625, iwe Paris, Nairobi au Kenya yetu. Vipimo vya prosesa pia vina namba zake chini ya majina, na Java ikaamriwa iandike logi zake kwa Kiingereza. Fundi alitaka Windows nazo zigeuzwe Kiingereza zote. Tukakataa. Umeme ukirudi usiku wa manane na seva ikagoma kuwaka, anayesimama mbele yake ni mtu wa hapa, aliyesoma kwa Kifaransa, na Nairobi wamelala.

Jumatatu ripoti ikatoka ikiwa imejaa wekundu. Mkurugenzi akavaa miwani amtafute adui. Mistari ya 4625 ilifuatana ukurasa mzima, yote ya saa mbili asubuhi, yote yenye jina moja la mtumiaji. Aliisoma hadi chini bila kusema kitu, kisha akauliza kama ule mtambo wa zamani bado unaweza kurudishwa.