Dirisha la Usajili Lafunguliwa, Chai Haijachemka

Shangazi yangu wa Chanika, hapa Handeni mjini, hajawahi kuwa na saa ya ukutani, na haoni kwa nini anunue. Mtangazaji wake wa asubuhi akianza kusoma vichwa vya habari vya magazeti, shangazi anabandika chai. Akifika kurasa za michezo, wajukuu wawe wameshavaa viatu. Likipigwa tangazo la saruji, wawe nje ya mlango. Mpango huu ulikwenda miaka na miaka, mpaka Jumatatu moja yule bwana hakusikika. Akaja kijana mwenye sauti ya harusini, anaanza na michezo, halafu vichekesho, magazeti anayasoma mwisho kabisa. Siku hiyo wajukuu walivaa viatu kabla ya kunawa uso, wakafika shule mlinzi anapiga mswaki.

"Mtu wangu wamemfukuza?" akaniuliza shangazi jioni.

"Hapana, shangazi. Amesajiliwa redio nyingine."

"Amesajiliwa! Kwani na yeye anacheza mpira?"

Swali lake lilikuwa na akili kuliko alivyodhani. Wanaotuchambulia usajili siku hizi nao wanasajiliwa, tena kwa mbwembwe zilezile: picha mtandaoni imefunikwa uso, "nadhani mnamjua huyu", mashabiki wanabishana usiku kucha, asubuhi anatambulishwa. Zamani haikuwa hivyo. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam mtangazaji ulikuwa naye, aende wapi? Ilipoanza Radio One mwaka 1994 ndipo watu walipojua kwamba sauti nayo inaweza kufunga mizigo. Marehemu Charles Hilary alitoka Redio Tanzania akaenda Radio One, akavuka hadi Ujerumani, akaingia BBC London, akarudi nyumbani Azam, akamalizia kazi serikalini Zanzibar. Lakini sauti ile ungeitambua hata ukiwa kisimani, popote alipokwenda ulimfuata. Baadaye ikaja Clouds FM 1999, EFM 2014, Wasafi FM ya Diamond 2019, Crown FM ya Ali Kiba 2024. Na redio mpya ikizaliwa haishushiwi watangazaji kutoka mbinguni. Wanatoka kwa jirani.

Kwa mtu wa Dar hilo si tatizo, anabonyeza kitufe. Huku kwetu ni safari. Mtangazaji aliyehama anaitaja namba ya masafa ya Dar kwa madaha, mara kumi kwa saa, wakati ya Tanga ni nyingine kabisa, nayo huitaja mara moja tu, kwa kasi, katikati ya orodha ya mikoa, kama anasoma majina ya wadaiwa. Ukiifuata ile ya Dar ukiwa Handeni unapata shwaaa ndefu, na mtu mwenye imani anaweza kuisikiliza mpaka adhuhuri akidhani wanarekebisha mitambo.

Halafu ukishampata, anakueleza nini? Simba na Yanga. Saa nzima kuhusu kiungo wa Simba aliyeumwa mafua, saa nyingine kuhusu beki wa Yanga aliyeonekana uwanja wa ndege. Mimi hili nina kinyongo nalo. Msimu wa 2015/16 Mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, hawa Mgambo wakiwa wetu wa Handeni hasa. Zikashuka daraja zote tatu kwa mpigo. Mkoa mzima! Nilikaa redioni nisubiri uchambuzi wa msiba ule, nikaupata kati ya tangazo la soda na tangazo la mikeka ya kubashiri. Kisha wakarudi kwenye mafua ya kiungo.

Kinyozi wangu yeye ana sababu nyingine ya kuchukia uhamisho. Redio yake haina kinobu, kilidondoka zamani, kimebaki kijiti cha chuma kinachogeuzwa kwa koleo. Antena ni waya wa mwavuli. Koleo lenyewe ni la fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo mchambuzi akihama Dar, Handeni kinyozi anavuka barabara kuazima, na fundi baiskeli, ambaye ni Yanga, hampi mpaka amtanie kwanza.

Tarehe 5 Novemba 2023, Jumapili, niliingia pale kunyolewa wakati mechi ya watani inaanza. Mimi ni Yanga, ila mtu mwenye mashine shingoni kwako ni ndugu yako katika Simba, na nilikaa kwa adabu hiyo. Musonda alifunga mapema, kinyozi akakohoa tu. Kibu Denis akasawazisha, mashine ikapata uhai. Mpaka mapumziko ni moja kwa moja, na upande wangu wa kulia ulikuwa umenyooka kwa rula. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akafunga: mashine ikasimama juu ya sikio. Aziz Ki akafunga: ikazimwa. Maxi tena: kinyozi akakaa kwenye benchi la wateja, akajifunika taulo langu. Penati ya Pacome ilipoingia, ya tano, alikuja kuninong'oneza kwa huzuni ya kweli.

"Kaka, huu upande mwingine tumalizie kesho. Leo mikono haipo."

Nikatembea Chanika nzima na kipindi cha kwanza upande mmoja, cha pili upande mwingine. Na hela alichukua yote.

Lakini mkanganyiko wenyewe hasa uko barabarani, ukitoka Handeni kwenda Korogwe. Lami ni nzuri, mawimbi ndiyo yana makorongo. Kuna mahali, kama unaitafuta Sindeni, redio moja inachoka na nyingine inaamka katika namba ileile, zinakaa zinagombania spika. Nilikuwa kwenye Noah, tumebanana, dereva ana mkeka wake uliobakiza mechi moja, na kwenye redio mechi hiyo imefika dakika za nyongeza. Redio iliyokuwa inaamka ilikuwa na tabibu wa dawa za asili.

"Anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, anaingia ndani ya boksi, anapiga…"

"…vijiko viwili, asubuhi na jioni, maumivu ya mgongo yote…"

"…mwamuzi anaangalia kwa mshika kibendera…"

"…pamoja na wale wanaoamka usiku mara kwa mara…"

Gari zima likalipuka. Goli! Si goli! Kibendera kimenyanyuliwa! Umekiona wapi, wewe uko Sindeni! Dereva akapunguza mwendo, akasogeza gari nyuma kidogo kutafuta mawimbi, akatoa kichwa dirishani kana kwamba sauti imening'inia kwenye mwembe. Kondakta akapanda juu ya kiti na simu, bando hana. Jamaa mmoja wa Simba akaanza kuhesabu goli ambalo mechi yake hata haikuwa ya Simba.

Babu aliyekaa kiti cha nyuma, ambaye tangu Handeni hakuwa amesema neno, akagonga bati la gari kwa fimbo.

"Nyamazeni, enyi watoto! Mnapiga kelele mtu anaeleza mambo ya maana. Dereva, rudi nyuma kidogo tena. Vijiko viwili nimesikia. Ni kabla ya kula au baada ya kula?"