Mguu wa Leo, Si wa Mwakani: Tisa Hadi Moja kwa Mzazi wa Mwanambio wa Ubao wa Theluji

Haya wazazi, sogezeni viti. Mtoto amekulia Denver au Salt Lake City, baba wa Moshi, mama wa Bukavu, na jioni moja anaweka kijiko chini na kutangaza kwamba mpira wa miguu basi. Anataka mbio za ubao wa theluji. Wala si zile za kuruka juu na kujizungusha hewani. Anataka kushuka mlima kwa kasi, amevaa mabuti magumu ya plastiki, akipinda kushoto na kulia kwenye milango huku mwenzake akiteremka pembeni yake. Shangazi aliye Tanga keshapata habari, na keshauliza kama Marekani hakuna mchezo wa kuchezea tambarare.

Mwambieni shangazi apumue. Mchezo huu ni mzuri sana, na mtoto anaweza kuupenda maisha yake yote, mradi miguu yake iwe na amani ndani ya mabuti. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tunahesabu kurudi nyuma, na namba moja ndiyo nzito kuliko zote. Mwenye kurukia mwisho arudi hapa mara moja, tumemwona.

9. Jua mchezo, usije ukamshangilia mtoto wa jirani

Wanashuka wawili wawili. Njia zimepangwa sambamba, moja ya milango myekundu, nyingine ya bluu. Wanatoka pamoja, na anayefika chini kwanza ndiye anayesonga mbele. Kwenye Olimpiki huanza kwa kushindana na saa, mbio moja kila njia, kisha 16 bora wanaingia kwenye mtoano. Ubao wa theluji uliingia Olimpiki huko Nagano mwaka 1998, wakati huo mbio zilikuwa za mmoja mmoja. Za sambamba zilianza Salt Lake City mwaka 2002 na zipo mpaka leo. Watoto wa Marekani wengi huanzia kwenye mashindano ya chama cha USASA, yaliyogawanywa kwa umri, na hata wa miaka saba wana kundi lao.

Kule juu wote wana helmeti, wote wameinama, wote wanakuja mbio. Basi kariri rangi ya njia ya mwanao kabla hujaanza vigelegele. Vikishatoka havirudi, na mama wa mtoto wa njia ya pili atakushukuru kwa dhati.

8. "Kwetu hakuna theluji" si hoja

Nicolien Sauerbreij alishinda dhahabu ya mbio hizi Vancouver mwaka 2010. Anatoka Uholanzi, ambako kilele kirefu kuliko vyote upande wa Ulaya, Vaalserberg, kina mita 322. Lushoto hicho wangekipanda maharage.

Na kama Uholanzi ni mbali, njoo Kilifi. Sabrina Simader alizaliwa hapo, akapelekwa Austria akiwa na miaka mitatu, na mwaka 2018 akashuka kwenye skii huko PyeongChang akiwa amevaa rangi za Kenya, Mkenya wa kwanza wa kike kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Kilifi, jamani! Kwenye minazi na bahari! Mtoto wako anayeamka na theluji mlangoni unamwambia nini?

7. Mfuko nao una neno

Ubao, mabuti, vishikizo, helmeti, kocha, tiketi za lifti, mafuta ya gari, malazi. Usijidanganye, orodha ni ndefu. Justin Reiter, Mmarekani aliyefika Sochi mwaka 2014, aliwahi kuishi ndani ya pikapu yake ili aweze kuendelea kushindana. Baada ya Olimpiki ya 2010 fedha za timu ya Marekani ya mbio hizi zilikatwa, na Vic Wild, mzaliwa wa Marekani, akahamia Urusi, akamwoa mwanambio mwenzake Alena Zavarzina, na Sochi akailetea Urusi dhahabu mbili. Kuoa si lazima, lakini kupanga bajeti ni lazima.

Mpangilio wangu ni huu, na siupindishi: helmeti mpya kwanza, mabuti yanayomkaa mtoto sawasawa pili, ubao wa mtumba mwisho. Akililia ubao unaong'aa, mwambie theluji haina macho.

6. Buti la skii halikutengenezwa kwa kazi hii

Utaambiwa plastiki ni plastiki. Sikia tofauti. Mwanaskii ameelekeza miguu yote miwili kule anakokwenda. Wa ubao ametanguliza mguu mmoja, mwingine uko nyuma, na vishikizo vimegeuzwa kuelekea mbele, mara nyingi kati ya digrii 50 na 65. Buti lake linapaswa kumshika imara mbele na nyuma, lakini liruhusu kifundo kiegemee pembeni kidogo. Soli yake ni fupi zaidi, ili kisigino na vidole visitokeze nje ya ubao na kuburuza theluji kwenye kona. Nyuma pana kifaa cha kurekebisha namna ganda linavyoinama mbele, na kwa kawaida buti la mguu wa nyuma huinamishwa zaidi kuliko la mbele. Mengi ya mabuti ya skii hayana uhuru huo.

Watengenezaji wenyewe ni wachache: Deeluxe, waliorithi kazi ya Raichle, kisha UPZ na Mountain Slope. Muuzaji akikuambia dukani kwake "tunayo yote," mtajie mmojawapo tu kati ya hao, kisha mwangalie usoni.

Ikiwa mguu wa mtoto haujafikia hata saizi ndogo kabisa, mabuti laini ya kawaida au ya skii ya watoto yatamfikisha msimu ujao. Hakuna anayemfukuza.

5. Bingwa ana mapaja, mtoto ana hamu

Benjamin Karl wa Austria alishinda dhahabu Beijing mwaka 2022 akiwa na miaka 36. Mwanao yuko darasa la tano. Kwa hiyo baba, lirudishe rafuni hilo buti la mashindano ya watu wazima uliloliona linapendeza.

Mtoto wa kilo 35 akivishwa buti gumu kupita nguvu zake hawezi kukunja kifundo. Akishindwa kukunja kifundo anakunja kiuno, makalio yanabaki nyuma, uzito unatoka kwenye makali ya ubao, na kona inayofuata anaipita akiwa amekaa. Ukumbuke pia kwamba plastiki hukaza kwenye baridi: buti lililonyumbuka vizuri dukani penye joto litagoma kileleni. Mfunge bizimu zote, mwambie apeleke magoti mbele. Muundi usukume ulimi wa buti na goti lifike juu ya vidole bila yeye kukunja uso. Akikunja uso, hilo ni jibu, tena la bure.

4. Tepu iwe mfukoni

Hii naipenda kuliko zote, nivumilieni.

Chris Klug wa Marekani alipandikizwa ini mwaka 2000. Mwaka 2002 alikuwa Salt Lake City, kwenye Olimpiki, akiwania medali ya shaba. Kabla ya mbio ya mwisho bizimu ya buti lake ikavunjika. Hakukuwa na muda wa kuagiza nyingine. Akalifunga buti kwa tepu ngumu, akasimama langoni, akateremka, akaichukua shaba. Ini la mtu mwingine, buti la tepu, medali ya kwake mwenyewe!

Sasa wewe unakwenda mlimani na simu na funguo za gari tu? Beba mfuko mdogo: bizimu ya akiba na skrubu zake, bisibisi, ufunguo wa L, tepu, nta, soksi kavu, ndizi. Skrubu za mabuti hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo zikague jioni kwenye meza ya jikoni, taa ikiwa imewaka, badala ya saa moja asubuhi na vidole vimekufa ganzi. Ukinunua mabuti ya mtumba, pitisha kidole taratibu kuzunguka kila bizimu na kwenye kisigino ukitafuta ufa. Ganda la miaka mingi linaweza kupasuka kwenye baridi hata kama kwa macho linaonekana zima. Tazama na soli, mbele na nyuma, maana hapo ndipo vishikizo vinaposhika. Zikiwa zimelika, asante, kwaheri.

Usiku toa kiatu laini cha ndani, kikauke mbali na hita. Kikilala na jasho, asubuhi mtoto anavaa barafu.

3. Soksi moja. Moja!

Bibi, tunakupenda. Zile za sufu ulizotuma atazivaa nyumbani. Ndani ya buti inaingia soksi moja nyembamba, ndefu, isiyo na kunyanzi, na suruali ya ndani inabaki juu. Soksi mbili hubana damu, na mguu usiopata damu ndio unaoganda.

2. Fungua chupa ya chai kabla ya kufungua mdomo

Mbio nzima huisha kabla dakika haijatimia. Mtoto aliyeanguka lango la nne anajua ameanguka lango la nne. Kocha atamweleza kwa nini; kazi hiyo analipwa. Wewe sema hivi:

"Nimeanguka."

"Nimeona, pole mwanangu. Mandazi mawili au matatu?"

"Matatu."

Mkutano umefungwa.

Na anayekushauri mtoto wa miaka tisa achague mchezo mmoja sasa hivi, mtajie Ester Ledecká wa Ucheki. Mwaka 2018, PyeongChang, alishinda dhahabu ya super-G kwenye skii kwa tofauti ya sekunde 0.01. Wiki moja baadaye akashinda dhahabu ya ubao kwenye mbio za sambamba. Beijing mwaka 2022 akaitwaa tena ile ya ubao. Mtu wa michezo miwili! Acha mtoto acheze na mpira wake wa kikapu.

1. Nunua mguu wa leo

Tumefika, na hapa tunasemana ukweli sisi kwa sisi. Kwetu kiatu cha shule hununuliwa kikubwa, pamba inasokomezwa mbele, na mzazi anatamka kwa fahari: atakua nacho. Kwa kiatu cha shule, sawa, kimetufikisha mbali. Kwa buti gumu, hapana, hapana, na mara ya tatu hapana.

Buti likizidi, kisigino kinanyanyuka kila kona. Mtoto anaegemea, ubao unachelewa kumsikia. Ili asielee, anakaza bizimu mpaka mwisho. Damu haipiti, nyayo zinauma, vidole vinakufa ganzi. Saa nne asubuhi anasema anaumwa tumbo, na mwezi wa pili anasema hapendi tena theluji. Anapenda. Ni mabuti ndiyo hayampendi.

Fanya hivi. Nyumbani, msimamishe kisigino kikigusa ukuta, weka karatasi chini, pima mpaka ncha ya kidole kirefu kwa sentimita. Pima miguu yote miwili, na uandike kipimo cha ule mrefu. Hiyo sentimita ndiyo saizi yenyewe: mguu wa 23.5 ni saizi 23.5. Namba za raba zake zisahau kabisa.

Dukani, toa kiatu cha ndani, mguu uingie kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele kidogo tu. Chungulia nyuma ya kisigino kwa tochi ya simu. Nafasi iwe sentimita moja hadi moja na nusu. Kwa mtoto anayerefuka kila ukimtazama, isizidi mbili. Angalia vilevile kwamba nusu saizi mara nyingi hukaa kwenye ganda lilelile la saizi nzima, kwa hiyo usilipie 25.5 ukidhani umepata ganda kubwa kuliko la 25.

Rudisha kiatu cha ndani, mvishe, funga. Akiwa wima, vidole viguse mbele. Akikunja magoti, virudi nyuma kidogo. Kisha mwache na mabuti robo saa nzima.

"Baba, vidole vinalala."

"Saa tisa mchana? Viamshe, tembea kidogo."

Vikiamka baada ya kutembea, ni kiatu kipya tu. Vikizidi kulala, vua, tazama ngozi. Wekundu unaopotea haraka hauna neno. Doa linalobaki kwenye mfupa ni kazi ya fundi: viatu vingi vya ndani hupashwa moto na kufinyangwa kwa umbo la mguu, na ganda lenyewe linaweza kupanuliwa mahali panapobana. Kisigino kikinyanyuka hata baada ya kufunga, hakuna fundi. Ni saizi ya chini yake.

Najua unachotaka kuuliza: na mwakani je, akikua? Atakua, Mungu akipenda, na ndiyo maana klabu nyingi zina watoto wanaopokezana mabuti. Mpime kila mwanzo wa msimu, kabla theluji haijashuka. Na buti la mwaka jana usilifungie stoo: saizi ndogo ni adimu, na kuna mzazi anaitafuta sasa hivi. Liuze kwa bei ya haki, au mpe.